Yupo

Waliniita Shimanzi, ghala la chai namba saba,
nikawatengenezee video ya dakika tatu.
"Viongozi wetu wa zamani," alisema Bi Tumu, afisa wa wafanyakazi,
"watu wawaone, vifua viwapanuke.
Siku hizi wanafunga magunia kama wanaofunga maiti."
Alicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Nikapewa wakurugenzi watatu ndani ya bahasha:
wa kwanza yumo katika suti ya kaki, jua limemfumba jicho moja;
wa pili anakata utepe;
wa tatu ameshika kikombe, anaonja chai ambayo hataimeza,
maana waonjaji hutema.
Nikawatilia muziki. Nikawasogeza taratibu,
picha iliyokufa ionekane inapumua.

Bado dakika hazikujaa.
Nikachukua kamera nikashuka kwa wapakizi,
nikauliza: mnamkumbuka nani?
Hakuna aliyetaja suti.
"Mbwarali," akasema wa kwanza, vumbi la chai kwenye nyusi.
"Nyapara Mbwarali," akasema wa pili, swali hata sijalimaliza.
Na Mwakideu wa mizani, mtu asiyependa maneno,
akanivuta hadi stoo, akapangusa daftari la mahudhurio
la mwaka ule wa elinino.

Tazama hapa.
Mstari wa kumi na nne: Nyamvula Chirima, yupo.
Mstari wa mwisho: A. Mbwarali, hayupo.
Wino mmoja, mkono mmoja.
Na siku hiyo Mbwarali alikuwepo, bwana,
maji magotini, kasha kichwani,
akitukana mvua na reli na mama yake mvua.
Nyamvula ndiye aliyekuwa Makadara, wodi ya wazazi.
Asiyekuja hakulipwa.
Basi akakosekana yeye.

Bi Tumu alikitazama kipande hicho mara mbili.
Mara ya pili alivua miwani.
Kisha akaivaa. "Huu ni uongo wa daftari," akasema.
"Tukiuonyesha, kesho kila nyapara ataandika apendavyo.
Kata."
Nikakata. Kodi ya chumba changu Magongo
haijui mashujaa.
Ila niliuacha ukurasa, sekunde mbili,
kati ya utepe na kikombe,
bila sauti, bila maelezo.

Ijumaa, kantini. Mahamri, mbaazi, shuka jeupe ukutani.
Wakurugenzi wakapita, watu wakatafuna.
Mmoja alikuwa akitafuta pa kuchajia simu.
Ukurasa ukapita.
"Rudisha."
Sikujua ni nani.
"Rudisha nyuma, mwanangu."
Nyamvula alikuwa amesimama, kikombe kimeinama mkononi,
chai inamwagikia leso naye hana habari.
Nikarudisha. Nikausimamisha hapo.
Wakasogea mbele,
wenye macho wakiwasomea waliosahau miwani:
mstari wa kumi na nne, mstari wa mwisho,
halafu tena wa kumi na nne.
Hakuna aliyepiga makofi.
Dakika tatu zikawa ishirini
na Bi Tumu hakuangalia saa.

Siwezi kusema Jumatatu magunia yalifungwa vizuri zaidi.
Nilirudi kuchukua waya zangu tu.
Mlangoni kuna mashine inayosoma vidole.
Nyamvula aliweka gumba, ikakataa.
Akalipangusa kwa leso, ikakataa.
Miaka thelathini na kitu ya kamba na gunia
imelilamba gumba, limebaki laini
kama kipande cha sabuni kinachokwisha.
Foleni ikatulia nyuma yake.
Nyapara wa zamu, kijana, jina lake sikulijua,
akaitazama kamera ya darini, akatazama sakafu,
akatoa kalamu mfukoni, akatafuta karatasi,
akaandika neno moja.